Mti wa Krismasi wa futi 6: taa hufa kwanza, miguu hufuata, majani mwisho

Mti utakaoukuta kila kona ya Kariakoo kuanzia Novemba, na kwenye maduka ya katikati ya Nairobi vilevile, ni ule wa futi 6: sentimita 180, majani ya kijani ya plastiki aina ya PVC, miguu mitatu ya plastiki, boksi refu jembamba. Ndio tunaoupima hapa pamoja na ndugu zake wachache, kwa sababu ndio unaoleta swali lilelile kila mwisho wa mwaka: huu wa zamani tuusimamishe tena, au umefika mwisho wake?

Wengi hujibu kwa kuhesabu miaka, na hesabu hiyo haisaidii. Upo mti wa miaka 12 unaosimama wima na kujaa, na upo wa miaka mitatu ambao hauna la kuokoa. Mti wa plastiki ni vitu vitatu vilivyofungwa pamoja, na kila kimoja kina umri wake. Taa hufa kwanza, miguu hufuata, majani hufa mwisho. Kwa hiyo kuna makosa mawili yanayojirudia majumbani. La kwanza ni kutupa mti mzima wenye afya kwa sababu taa zake zimezimika. La pili, ambalo ndilo la hatari, ni kuendelea na taa zilizochoka kwa sababu mti wenyewe bado unapendeza.

Majani

Tawi la PVC hutengenezwa kama brashi ya kuoshea chupa. Plastiki nyembamba hukatwa utepe, utepe huchanwachanwa pembeni uwe na nyuzi, kisha hubanwa kati ya nyaya mbili zinazosokotwa hadi zile nyuzi zitawanyike pande zote. Undugu huo ni wa kweli kabisa: miaka ya 1930 kampuni ya brashi ya Uingereza iitwayo Addis ilitengeneza miti ya Krismasi kwa mashine za brashi za chooni. Kabla ya hapo Wajerumani walitumia manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi ya kijani.

Kinachoshika jani, basi, ni msokoto wa waya, gundi haipo. Ndiyo sababu mti mpya humwaga majani. Vipande ambavyo msokoto haukuvikamata vizuri kiwandani huanguka pale unapofungua matawi kwa mara ya kwanza. Mwaka wa kwanza, konzi moja au mbili sakafuni si jambo la kushtua. Mwaka wa pili zinapaswa kupungua. Zikianza kuongezeka mwaka wa tatu au wa nne, hapo plastiki yenyewe inazeeka.

Pima hivi. Tandaza shuka jeupe chini ya mti. Shika tawi la katikati karibu na nguzo, litikise mara kumi kwa nguvu ileile unayotumia kulikunjua. Majani matano au sita kwenye shuka ni sawa. Ukipata ya kujaza kijiko cha chakula kutoka tawi moja, rudia kwenye matawi mengine matano, mawili ya juu na matatu ya chini. Yote yakimwaga hivyo, hakuna la kufanya. Likimwaga moja au mawili tu, huenda msokoto wa waya umelegea: bana waya kwa koleo ncha ya tawi, uzungushe mizunguko miwili au mitatu kufuata upande ambao tayari umesokotwa. Ukizungusha kinyume utaufungua, na tawi zima litabaki waya mtupu.

Kipimo cha pili ni cha kucha. Chukua jani moja, likunje katikati, libane kwa kidole gumba, liachie. Jani zima hujinyoosha lenyewe polepole. Jani lililochoka hubaki na mstari mweupe pale ulipolikunja, au hukatika kabisa kama jani kavu la mgomba. PVC kwa asili yake ni ngumu; kiwandani huongezewa vilainishi ili ipindike, na viimarisho ili istahimili joto na mwanga. Vilainishi hivyo huponyoka kidogokidogo, na joto linapozidi plastiki huanza kupoteza kloridi ya hidrojeni, kijani kinageuka manjano, kisha kahawia. Hakuna dawa ya kurudisha hali hiyo nyuma. Rangi ya spreya huficha manjano kwa msimu mmoja lakini jani hubaki kavu vilevile, na mara nyingi nyuzi hushikana mafungu mafungu.

Manjano yakiwa upande mmoja tu, sababu ni dirisha. Geuza upande huo ukutani, na mwaka ujao usiweke mti mahali ambapo jua la saa tisa alasiri linaupiga moja kwa moja. Mti unaokaa ndani tangu mwanzo wa Majilio hadi Epifania, tarehe 6 Januari, unakula jua la wiki tano au sita kila mwaka, na upande mmoja ndio unaolipokea lote.

Angalia pia viganja vyako baada ya kufungua matawi. Vikitoka na unga mweupe au wa kijani unaofanana na chaki, usiuchukulie kama vumbi la kawaida. Miti ya zamani ya PVC mara nyingi iliimarishwa kwa madini ya risasi, na plastiki inapovunjika risasi hutoka pamoja na unga. Kwa macho huwezi kujua unga upi una risasi na upi hauna. Msimamo wetu hapa hauna mjadala: mti wa zamani unaotoa unga, katika nyumba yenye mtoto anayetambaa au anayeweka vitu mdomoni, uondolewe mwaka huu huu. Futa sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, na kila aliyeushika anawe mikono kwa sabuni.

Waya na kutu

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar mti hauuawi na jani. Unauawa na waya. Hewa ya chumvi hupenya kwenye msokoto, kutu inaanza ndani ambako huioni, na siku unapokunjua tawi ncha inabaki mkononi mwako. Shika ncha kumi katika sehemu mbalimbali za mti, kila moja uipinde nyuzi 90 na kuirudisha mara moja. Ikivunjika moja, iache. Zikivunjika tatu, mti wote umekwisha ndani hata kama majani bado ni ya kijani, kwa sababu nyaya zote zilitoka kwenye bunda moja na zimeishi kwenye hewa moja.

Dalili nyingine ni madoa ya rangi ya kahawia kwenye ukuta au kwenye shuka linalofunika miguu. Hiyo ni kutu inayodondoka pamoja na unyevu, na madoa yake kwenye pazia jeupe hayatoki.

Bara, kwenye hewa kavu kama ya Dodoma au ya baridi kama ya Njombe na Nyeri, tatizo hili ni dogo. Huko adui ni joto la kwenye dari, tutalifikia.

Miguu na nguzo

Hapa ndipo mti wa bei ya chini unapojionyesha. Miguu mitatu ya plastiki huchomekwa kwenye kikombe cha plastiki kinachoshika nguzo ya bomba jembamba. Kilichoshikilia vyote ni skrubu moja ya kukaza kwa mkono, yenye kichwa cha mabawa. Itazame kwa karibu: skrubu ni ya chuma, lakini tundu inamoingia ni plastiki tupu. Kila mwaka unakaza kidogo zaidi ya mwaka jana, na kila mwaka chuma kinakula meno ya plastiki. Ifikapo mara ya nne au ya tano skrubu inazunguka bila kushika, nguzo inaegemea upande mmoja, na mtu anaweka kijitabu chini ya mguu mmoja.

Kijitabu hakisaidii, maana kasoro haipo mguuni. Toa skrubu, toboa tundu lililo mkabala nalo kwenye kikombe, pitisha boliti ya milimita 6 upande hadi upande kupitia kwenye bomba lenyewe, weka washa pande zote mbili na nati. Fundi wa baiskeli anakumalizia kwa dakika kumi. Nguzo haitakwenda popote tena.

Mguu uliopasuka ni jambo jingine. Plastiki ya miguu hupasuka kwenye shingo, pale inapoingia kikombeni, kwa sababu uzito wote unakunjia hapo. Gundi ya papo kwa papo hushika siku moja. Ukiwa na kiungio cha plastiki kilichopasuka, tafuta stendi ya chuma ya miguu minne inayokunjwa. Huuzwa peke yake. Kabla ya kwenda dukani pima kipenyo cha nje cha bomba kwa rula au, vizuri zaidi, beba kipande cha chini cha nguzo chenyewe. Stendi ya bomba la milimita 32 ikivishwa nguzo ya 25 itatikisika hata ukikaza hadi mwisho. Pengo dogo lizibe kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kilichozungushwa kwenye bomba.

Kwa mti wa futi 6, tofauti ya sentimita moja au mbili kati ya ncha na mstari wa wima haionekani. Ikifika sentimita tano mti unaanza kuvuta upande, na mtoto au paka anamalizia.

Tazama na pete. Kwenye mti wenye bawaba, matawi yote ya safu moja huning'inia kwenye pete moja iliyofungwa kwenye nguzo. Pete ya chuma hudumu. Ya plastiki hupasuka polepole, na ikipasuka safu nzima inashuka kwa pamoja, hivyo mti unaonekana una kiuno. Kuifunga kwa waya wa kufungia nondo kunasaidia msimu mmoja au miwili. Kwenye mti wa matawi ya kuchomeka, ambao kila tawi huja peke yake na herufi au rangi shinani, tawi likivunjika ndoano unaweza kulitoa na kuhamisha moja la nyuma. Rangi za shinani zikifutika, panga matawi sakafuni kwa urefu. Marefu kabisa ni ya chini.

Tawi moja au mawili kupotea hakuonekani ukigeuza upande huo ukutani. Pengo kubwa kuliko kiganja kilichofunguka lizibe kwa kamba ya majani ya plastiki ya mita 2.7, ikatwe vipande vya sentimita 30, kila kipande kizungushiwe kwenye nguzo na si kwenye matawi. Ikiwa umeshaziba mapengo manne hivyo, sasa unajenga mti mpya juu ya maiti ya ule wa zamani, na gharama ya kamba itakaribia ya mti.

Taa

Sehemu hii isomwe hata na mwenye mti mpya.

Nyuzi nyingi za taa zinazouzwa kwa bei ya chini hazina adapta. Zina kijisanduku cha kubadili mitindo ya kumeta, kwa kawaida minane, na umeme wa volti 230 au 240 unapita moja kwa moja kwenye waya mwembamba kama uzi wa kufumia. Waya huo umelazwa kwenye matawi ambayo ndani yake kuna chuma. Ganda la waya likichubuka, mti wenyewe unaweza kushika umeme. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya kuchomeka, taa zinyooshwe mezani na waya upitishwe katikati ya vidole viwili tangu plagi hadi mwisho. Unatafuta vitu vinne: chuma kinachoonekana, alama ya meno ya panya, ganda lililokuwa gumu na lenye nyufa, na sehemu iliyobadilika rangi karibu na kijisanduku. Ukikuta kimojawapo, tupa uzi mzima. Tepu ya umeme haifai hapa, kwa sababu ganda likichubuka mahali pamoja limechoka kila mahali.

Kijisanduku kikiwa cha moto kiasi cha kushindwa kukishika kwa sekunde kumi, chomoa. Kikinuka plastiki iliyoungua, usikirudishe kwenye soketi hata kwa kujaribu.

Halafu kuna suala la plagi. Nyuzi hizi huja na plagi ya pini mbili za mviringo, na soketi zetu ni za pini tatu za mraba. Kinachofanywa nyumba nyingi ni kuchokoa tundu la juu kwa kalamu ili matundu mawili ya chini yafunguke, kisha pini mbili zinasukumwa humo. Pini hazikai vizuri, zinacheza, cheche ndogo zinaruka ndani, na soketi inaungua taratibu. Pia, kwa njia hiyo taa hazina fyuzi ya kuzilinda. Nunua kichwa cha kubadilishia chenye fyuzi, na fyuzi iwe ya ampea 3. Ile ya ampea 13 itaacha waya mwembamba uyeyuke kabla haijakatika.

Taa zilizotumwa na ndugu kutoka Marekani ni za volti 110 hadi 120. Ukizichomeka huku zinawaka kwa mwanga mkali mara moja na kufa, au zinawaka moto. Zilizotoka Uingereza zinakubali umeme wetu na plagi yake inaingia. Nyingi kati ya hizo hutumia adapta ya volti ndogo, mfano 24 au 31, na mara nyingi adapta ndiyo inayokufa huku taa zikiwa nzima. Kabla ya kutupa, soma maandishi nyuma ya adapta: tafuta nyingine yenye volti za kutoa sawasawa na hizo, aina ileile ya umeme, yaani AC kwa AC au DC kwa DC, na miliampea sawa au zaidi.

Nusu ya uzi ikizimika na nusu ikawaka, jua kuwa taa zimeungwa kwa mafungu, kila fungu likifuatana kama shanga. Moja ikikatika, fungu lake lote linalala. Kama balbu zinachomoka, badilisha moja moja kwa nzima hadi fungu liamke. Za LED zilizozibwa kwa gundi hazichomoki. Usizikate na kuunga waya ukiruka balbu mbovu, maana zilizobaki zitapokea umeme mwingi kuliko zilivyopangiwa na zitafuatana kufa.

Taa za balbu za zamani, zile zenye kiwaya kinachowaka ndani, ziondolewe hata kama zinawaka. Uzi wa balbu 100 za aina hiyo hula karibu wati 40, wa LED 100 karibu wati 5. Ukiwasha saa sita kila usiku kwa siku 30, wa zamani unakula yuniti 7.2 za Luku, wa LED haufikishi yuniti moja. Muhimu kuliko Luku ni joto: balbu za zamani hukausha majani yanayozigusa, na kwenye mti wa miaka minane utaona madoa ya kahawia pale zilipokaa.

Panapokatika umeme mara kwa mara tunapendekeza taa za USB za volti 5. Kukatika huko, na hasa umeme unaporudi kwa kishindo, ndiko kunakoua vijisanduku vya mitindo. Pawabenki ya mAh 10,000 huendesha uzi wa wati 3 kwa takriban saa kumi, na hata waya ukichubuka hakuna atakayerushwa.

Hukumu yetu juu ya miti inayouzwa na taa zake zikiwa zimefungwa matawini: hatuipendekezi. Taa zake zina umri wa misimu mitatu hadi mitano, mti una umri wa mara mbili ya huo. Kama unao tayari na taa zimekufa, uokoe. Chomoa plagi kwanza, chukua koleo ya kukatia, kata waya wa taa vipande vifupi kutoka juu kwenda chini, na usivute waya mrefu kupitia matawini kwa sababu utang'oa majani. Mti wa futi 6 huchukua saa mbili hadi tatu. Kisha weka nyuzi tatu za LED 100 zako mwenyewe, ukianzia chini karibu na soketi.

Wanaofunga nyumba kwenda Moshi au ushago hadi Mwaka Mpya, plagi ichomolewe kwenye soketi. Kuzima swichi ya kijisanduku pekee hakutoshi.

Ndugu zake

Mti wenye majani ya PE, yaani plastiki ya polithini, ambayo humiminwa kwenye ukungu badala ya kukatwa kwenye utepe, unaonekana kama wa kweli ukiushika na haumwagi. Ni mzito zaidi na bei yake iko juu sana. Maboksi mengi yanayosema PE yana PE kwenye ncha za nje tu na PVC ndani. Hilo si udanganyifu, ndivyo inavyofanyika ili mti ujae, lakini ujue kuwa ndani utazeeka kama wa kawaida. Kwenye moto tabia zao zinatofautiana: PVC hushika moto kwa shida na kutoa moshi mkali unaounguza koo, PE isiyotiwa kizuia moto huwaka kirahisi na kudondoka matone. Mishumaa ikae mbali na yote miwili.

Mti uliomwagiwa theluji ya unga mweupe ni mzuri dukani, na Pwani ni hasara. Unyevu hugeuza unga huo manjano, unashikana mabonge, unadondoka kwenye zulia. Misimu mitatu ukibahatika. Mweupe mzima, ambao plastiki yenyewe ni nyeupe, huonyesha manjano mapema kuliko wa kijani.

Ule wa nyuzi zinazong'aa ncha hutegemea balbu moja na mota ndogo ya kuzungusha kioo cha rangi vilivyo kwenye kitako. Rangi zikigoma kubadilika, ni mota. Mti mzima ukiwa giza, ni balbu au adapta. Nyuzi zikivunjika ncha nyingi, mwanga unabaki chini na juu kunakuwa giza. Hauna ukarabati.

Unapouhifadhi

Miaka mingi ya mti hupotea kati ya Januari na Novemba. Dari chini ya bati ni jiko. Mchana wa Februari plastiki inachemshwa humo kila siku, na hakuna mti unaomaliza miaka mitano hapo bila kukakamaa. Weka uvunguni mwa kitanda au juu ya kabati.

Boksi la karatasi lilikuja na mti kwa ajili ya safari tu. Karatasi hunyonya unyevu, mende hutaga humo, panya hupata tandiko. Funga kila sehemu ya mti kwa kamba laini kuanzia chini kwenda juu, tia kwenye kiroba kisafi cha salfeti, weka vifuko vya silika vinavyokuja na viatu, kaza mdomo. Naftalini usiweke ndani. Mvuke wake huathiri baadhi ya plastiki na harufu haitoki hadi Krismasi. Kabla ya kufunga ufute vumbi: maji lita 5, sabuni ya vyombo kijiko kimoja, kitambaa kilichokamuliwa, kisha feni masaa matatu. Jiki hapana, inapausha rangi na kuamsha kutu. Ukungu mweusi ulioota kwenye matawi yote, wenye harufu inayorudi baada ya kufuta mara mbili, ni sababu tosha ya kuuondoa mti, hasa penye mwenye pumu.

Ukinunua mwingine

Usikimbilie. Shirika la Carbon Trust la Uingereza limekadiria kuwa mti wa plastiki wa mita 2 unabeba takriban kilo 40 za hewa ukaa, na unahitaji kutumika miaka kumi hivi au zaidi ili usiushinde mti halisi kwa madhara. Ukiwa umeamua, mwambie muuzaji afungue boksi. Soma idadi ya ncha: mti wa futi 6 wenye ncha 350 utaona ukuta kupitia kwake, 600 unatosha sebule ya kawaida, 800 na zaidi umejaa. Inua boksi, la kilo tatu ni waya mwembamba, la kilo nane lina chuma cha kutosha. Miguu iwe ya chuma. Pete iwe ya chuma. Vuta tawi moja kwa vidole, usikubali kuambiwa "yote yanamwaga hivyo, dada". Taa nunua kando, zenye alama ya TBS au KEBS. Bei hushuka wiki ya kwanza ya Januari, na mti hauozi.

Wa zamani usiuchome moto uani wala jalalani. PVC inayoungua kwa moto mdogo hutoa asidi na sumu ya dioksini, na moshi huo unaingia kwa jirani kabla ya kwako. Nguzo na stendi ya chuma mpe anayekusanya chuma chakavu. Kama majani hayatoi unga, kata matawi 12 hadi 15 yaliyo mazima, yafunge kwa waya kwenye duara la kipenyo cha sentimita 30, upate shada la mlangoni. Yaliyobaki yafungwe kwenye mfuko mmoja, mdomo ukazwe, uende na gari la taka.